Maswali ya wasomaji: kuishi imani bila kukimbizwa

Barua za mwezi huu zimetoka Nungwi, Tomondo na Mjini hapa Unguja, na Wete kule Pemba, na zote zinazunguka jambo moja: Mkristo ambaye siku yake imejaa afanyeje ili sala isiwe kazi nyingine juu ya kazi? Msimamo wetu tunauweka mbele kabisa. Anza kwa kupunguza. Anayeongeza nusu saa ya sala kwenye siku isiyo na nusu saa ataacha wiki ya pili, na wiki ya tatu atabaki anajihukumu.

Nafanya kazi hotelini. Zamu zinabadilika kila wiki, ofu yangu ni Jumanne, na Jumapili siachiwi kwa sababu wageni wanakuwa wengi. Chumba tunalala wanne. Nikisali usiku nasinzia. Naweza kuifanya Jumanne kuwa Sabato yangu? (Msomaji, Nungwi)

Kaka, unaweza kwa sehemu. Amri ya Sabato inataka kazi ikome, na hilo Jumanne inalibeba vizuri. Jumapili ina jambo la pili: ni siku ya ufufuko, na waamini hukutana. Mapumziko unaweza kuyahamisha, kukutana itabidi ukutafutie njia. Tuanze na kupumzika.

Hesabu siku yako kama Walawi 23:32 inavyohesabu, tangu jioni hata jioni. Sabato yako ianze Jumatatu magharibi. Faida yake ni kwamba inaanza na usingizi, haianzi na shughuli. Jumatatu ukitoka zamu fanya mambo manne kabla jua halijazama: fua sare, tuma pesa nyumbani, nunua chakula cha kesho, wapigie unaopaswa kuwapigia. Haya manne ndiyo yanayokula ofu ya mfanyakazi wa hoteli, na yakibaki ya Jumanne utafika jioni umechoka kuliko siku ya zamu. Kisha zima simu. Soma Zaburi 92, ambayo kichwa chake kinasema ni wimbo wa siku ya Sabato. Kula, lala. Asubuhi usiwekee kengele.

Ukiamka mwenyewe, toka nje ya chumba. Wanne chumbani hakuna faragha, na Mathayo 6:6 inapotaja chumba cha ndani na mlango uliofungwa inadai faragha, haidai ukuta. Kwa Nungwi, ufukwe asubuhi maji yakiwa yametoka unatosha. Nusu saa: dakika kumi za kukaa kimya, kumi za kusoma, kumi za kusema na Mungu kwa maneno yako. Baada ya hapo usijipangie ibada mchana kutwa. Tembea, mtembelee mtu, kula taratibu, lala tena. Kupumzika ndiko kunakotakiwa siku hiyo.

Jambo linaloharibu zaidi ni safari ya mjini. Kwa daladala ya namba 116 ni karibu kilomita 60 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ukipanda, siku imekwisha. Shughuli za mjini, za sokoni Darajani, zikusanye ziwe za Jumanne moja tu ya mwezi, na Jumanne hiyo usiiite Sabato. Jambo la pili ni simu ya supavaiza kutaka uzibe pengo la mtu. Mwambie mapema, uso kwa uso, kwamba simu yako inazimwa Jumatatu saa 1 usiku hadi Jumanne saa 4 asubuhi, na dharura ya kweli apitie kwa mwenzako wa chumbani. Ukinyamaza tu na kuzima, utaonekana mkaidi.

Sasa Jumapili. Omba kabla rosta haijaandikwa. Ikishabandikwa ukutani unamwomba meneja abomoe alichojenga. Omba kidogo: Jumapili moja kwa mwezi. Na uwe na cha kutoa. Jitolee kushika zamu za Idd el-Fitri na Idd el-Haj, wenzako Waislamu wakae na familia zao. Ni upendo wa jirani kwanza, na pia ni haki ya kuwaomba wakushikie Krismasi na Pasaka. Kama ni Mkatoliki, Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, na anayezuiwa na kazi asiyoweza kuikwepa hana kosa. Zungumza na paroko wako badala ya kubeba hatia kimyakimya. Jumapili unayofanya kazi, soma Injili ya siku hiyo na Baba Yetu kabla ya kuvaa sare. Dakika tano.

Kusinzia usiku si udhaifu wa imani, ni mwili uliosimama saa tisa. Hamisha sala ije pale unaporudi kutoka zamu, kabla ya kula na kabla ya kulala kitandani: dakika saba, umekaa kitako, mgongo wima. Wakati wa kulala uache mstari mmoja tu.

Nilianza mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Niko nyuma kwa wiki sita na sasa nikifungua Biblia nasikia uzito. Niendelee au niache? (Msomaji, Mjini)

Acha mpango, usiache Biblia. Vitabu 66 vina sura 1,189, yaani zaidi ya sura tatu kila siku bila kukosa. Kwa mwenye muda ni zoezi zuri la kuijua ramani ya Maandiko. Kwa aliye nyuma wiki sita ni deni, na deni halifundishi kusikiliza. Usijaribu kulipa. Funga ukurasa huo leo.

Badala yake shika njia ya zamani ya kusoma kwa kutafakari. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliwapangia watawa saa za kusoma hivyo kila siku, na katika karne ya 12 mtawa Guigo wa Pili aliipanga katika hatua nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia mbele za Mungu. Haihitaji utawa. Inahitaji dakika 20, Biblia ya karatasi na daftari dogo.

Anza na Injili ya Marko. Chukua tukio moja, mistari saba au minane, usivuke hapo hata ukiona bado una hamu. Tuseme ni Bartimayo, Marko 10:46-52.

Kaa kimya dakika mbili kwanza. Wengi huruka hapa na ndipo wanapoharibu, kwa sababu wanaingia kwenye Neno wakiwa bado na mazungumzo ya dukani kichwani. Kisha soma kwa sauti, polepole, ukipumua kila penye kituo. Sauti ni muhimu. Ukisoma kwa macho tu, macho yanaruka maneno unayoyajua tangu utotoni. Soma mara ya pili, kimya zaidi, na usimame pale neno linapokushika. Huenda ikawa ni “wengi wakamkemea ili anyamaze”. Huenda ikawa ni swali la Yesu, “Wataka nikufanyie nini?” Usichague lililo zuri, chukua lililokugusa, hata likikuudhi. Lirudie kwa dakika tatu au nne kama mtu anayemumunya kitu. Halafu jibu. Kama umeshikwa na lile swali, lijibu kweli: unataka akufanyie nini, leo, kwa jina lake? Hapo ndipo sala inapoanza, na haitakuwa na mapambo. Mwisho kaa tena kimya dakika tatu bila kusema wala kuomba chochote, kisha andika mstari mmoja katika daftari: tarehe, neno lile, basi.

Kwa mwendo huo Marko, sura zake 16, itakuchukua takriban miezi mitatu.

Mambo yanayokwamisha tunayajua. La kwanza ni kutafuta somo la kuwafundisha wengine. Anayehubiri, anayefundisha Sunday school, hata mama anayeongoza jumuiya, akili yake hukimbilia “hili nitalisema Jumapili”. Likija, liandike pembeni na urudi kwenye mistari. La pili ni simu. Biblia ya simu ni msaada mkubwa kwenye daladala, lakini kwa kusoma huku haifai: ujumbe mmoja ukiingia, dakika 20 zimepotea, na kishawishi cha kuuweka mstari kwenye status kinakugeuza kutoka msikilizaji kuwa mtangazaji kabla hujasikia. La tatu ni kungoja hisia. Siku nyingi hutahisi kitu. Siku hizo zinahesabika sawa na nyingine.

Ukumbuke pia kwamba tafsiri ya Agano Jipya la Kiswahili ilifanyiwa kazi hapa hapa Unguja na Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882, yule aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Kazi ya tafsiri huenda neno kwa neno. Si vibaya na msomaji akaenda mwendo huo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Jumatatu na Alhamisi mazoezi ya kwaya, Jumanne maombi ya akina mama, Jumatano ibada ya katikati ya wiki, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi wa kanisa, Jumapili ibada na vikao hadi alasiri. Nampenda Mungu lakini nimechoka, na naogopa kusema. (Msomaji, Tomondo)

Mama, umefanya vizuri kusema. Kila kimoja katika orodha yako ni chema, ndiyo maana hakuna aliyekuzuia.

Kabla ya kuamua chochote, andika kwa wiki mbili saa halisi: muda wa kutoka nyumbani hadi kurudi, siyo muda wa kipindi. Mazoezi ya kwaya ya saa mbili huwa saa tatu na nusu ukijumlisha kungoja wenzio na usafiri. Mbele ya kila saa andika kama ulisali humo, yaani wewe mwenyewe, au ulihudumu tu. Wahudumu wengi wakifanya hesabu hii hukuta saa nyingi sana za kanisani na dakika chache za kusali. Ukishaiona hesabu hiyo kwa maandishi yako mwenyewe, hofu ya kusema itapungua.

Kisha baki na ibada ya Jumapili, huduma moja na kundi moja dogo. Huduma moja, mama, siyo moja na nusu. Ichague kwa maswali haya: ipi ukiifanya unarudi nyumbani ukiwa na moyo wa kuwasikiliza watoto? Ipi hakuna mwingine wa kuifanya kwa sasa? Ipi unaifanya kwa kuogopa maneno ya watu tu? Ya tatu ndiyo ya kuacha kwanza.

Namna ya kutoka ina adabu yake. Usipotee. Nenda kwa mchungaji na kwa kiongozi wa kundi kabla habari haijawafikia kwa mlango mwingine. Taja tarehe: “Nitamaliza hadi mwisho wa robo hii.” Mfundishe atakayeshika nafasi yako, kabidhi daftari, funguo, sare na michango yote kwa maandishi. Ukiulizwa sababu, jibu fupi linatosha: “Nyumbani nahitajika zaidi kwa kipindi hiki.” Maelezo marefu huzaa mabishano marefu. Na saa zilizopatikana ziwekee ulinzi mara moja. Jumanne uliyoachiwa, kama haina jina, kufikia wiki ya tatu utakuwa umepewa kamati. Ipe jina: chakula cha jioni na watoto, zaburi moja mezani, kulala saa 3.

Kuhusu mkesha wa kila Ijumaa tunasema wazi kwamba kwa mama anayenyonyesha, anayelea wadogo au anayeamka saa 11 alfajiri, si wajibu. Mkesha ni mzuri kwa nyakati zake. Zaburi ya 127 inawaonya wanaoamka mapema na kuchelewa kulala kwamba taabu hiyo ni bure, na inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Nenda mara moja kwa miezi mitatu ukitaka, na Jumamosi yake uifanye nyepesi.

Watu watakutajia Martha na Mariamu. Isomeni vizuri Luka 10. Martha hakukemewa kwa kupika. Yesu alimwambia, “unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi”. Tatizo lilikuwa wingi na fadhaa, na hivyo viwili vinaweza kumkuta mtu akiwa kwenye kwaya kama jikoni.

Ni muuguzi, nimehamishiwa Wete kutoka bara. Wakristo tulio karibu ni watano, wa madhehebu matatu, na mchungaji hatumpati kila wiki. Tufanye ibada gani? Pia mume wangu amekodi mikarafuu. Msimu ukifika Jumapili haipo. (Msomaji, Wete)

Dada, watano ni kanisa. Kosa la vikundi vidogo ni kujaribu kuiga ibada ya watu mia tatu: spika, mahubiri ya dakika 40, michango mitatu. Pemba yenyewe ina mfano mwingine. Mwaka 1897, mwaka ambao hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar, Marafiki, yaani Waquaker, walianza misheni yao Banani, upande wa Chake Chake, ili kuwasaidia walioachiwa huru. Ibada ya Marafiki kimapokeo ni kukaa pamoja kimya wakimngoja Mungu, na anayesukumwa kusema husema kwa ufupi. Kwa watu wa madhehebu matatu, ukimya una faida kubwa: hauna mtindo wa mtu.

Tunapendekeza dakika 50. Kaeni kwa duara. Zaburi moja, mkipokezana mstari kwa mstari. Injili ya Jumapili hiyo, isomwe mara mbili na watu tofauti. Ukimya wa dakika 15. Kisha kila mmoja aseme sentensi moja au mbili juu ya lililomgusa, bila kumjibu wala kumsahihisha mwenzake. Maombi, kwanza ya wagonjwa wa wodi yako na majirani, baadaye yenu. Baba Yetu. Wimbo mmoja mnaoujua wote, kwa sauti ya chumbani. Peaneni mikono, ndivyo Marafiki wanavyofunga.

Ukimya wa pamoja hufunzwa. Wiki ya kwanza wekeni dakika tano, ya tatu kumi, baada ya mwezi 15. Mmoja ashike saa ili wengine wasiitazame. Simu zibaki chumba kingine. Watoto wakae dakika tano za mwanzo, kisha watoke wacheze. Dakika za kwanza kila mtu atakohoa na kusogeza kiti. Msikate hapo, mara nyingi utulivu huja baada ya dakika ya sita au ya saba. Zamu ya kuongoza izunguke kila wiki kwa orodha iliyoandikwa, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakuwa mchungaji. Ushirika Mtakatifu usiadhimishwe kinyume cha taratibu za kanisa la kila mmoja. Ungojeni, na mchungaji au padri akifika mpokee kwa njaa ya kweli.

Karafuu sasa. Zao hili halingoji, na mwenye kukupa sheria ngumu hajawahi kuona wingu limekusanyika juu ya jamvi. Karafuu mbichi zikiachwa chungu zima hupata joto na kuharibika. Zikilowa zikiwa juani hubadilika rangi na kushuka daraja. Kwa hiyo gawa kazi mbili: inayoweza kungoja na isiyoweza. Kuchuma kunaweza kungoja, karafuu ikiwa mtini. Kuanika na kuanua hakuwezi, na kukausha ni siku kadhaa za jua. Basi Jumamosi mchumo usimame adhuhuri, ili kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo, kuishe kabla ya magharibi. Ukiacha mchumo uendelee hadi jioni, kuchambua kutavuka usiku na Jumapili mtaamka mmechoka hata kama hamkwenda shamba. Jumapili yenyewe: anika asubuhi, kaeni ibada, anueni jioni au mvua ikitisha. Yesu aliuliza nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato (Luka 14:5). Kuanua ni kumtoa ng'ombe. Kwenda kuchuma mti mwingine siyo. Na kama mume wako ameajiri wachumaji, siku ya mapumziko ni yao pia. Kutoka 20:10 inamtaja mtumwa, mjakazi na mgeni kwa majina yao hayo. Wachumaji Waislamu nao wanahitaji Ijumaa adhuhuri yao bila kuombaomba.

Kwaresima na Ramadhani zikikutana, nifungeje nikiwa kazini na Waislamu? Nifunge kama wao? (Msomaji, Mjini)

Zilikutana 2026, na zitakutana tena 2027: Jumatano ya Majivu ni 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa siku hizo hizo, kutegemea kuandama kwa mwezi. Usiige saumu isiyo yako kwa sababu ya kuonekana. Kwaresima ni siku 40 bila kuhesabu Jumapili, na sheria ya Katoliki kwa mfano inadai kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa wenye miaka 18 hadi 59. Kufunga kunakozidi hapo ni hiari na kunapaswa kudumu hadi Pasaka. Chagua kitu kimoja: mlo wa mchana Jumatano na Ijumaa, kwa mfano, na fedha ya mlo huo uitenge kila wiki kwenye bahasha kwa mtu unayemjua ana shida. Usipotenga, kufunga kumekuwa kubana matumizi. Kunywa maji, kwa faragha, kwa heshima ya wenzako.

Mwezi wa Ramadhani ofisi nyingi hufunga mapema na barabara hutulia kabla ya magharibi. Saa ile ndiyo bora kwa sala yako ya jioni, usiipoteze kwenye televisheni. Ukialikwa kufuturu, nenda, fika kabla ya adhana, ungoja pamoja nao hadi wafungue. Hata kama ilikuwa siku yako ya kufunga.